Siku Sita za Kwenda Kuona Jiwe

"Yaani umevuka bahari yote hiyo, halafu unakaa siku mbili kwenye gari ukaone jiwe?" Ndivyo mama alivyoniuliza kwa simu kutoka kwetu Kaloleni, Kilifi, usiku wa kuamkia safari. Nikamwambia ni jiwe kubwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kama lina wenyewe, piga hodi kabla hujaingia."

Jiwe lina wenyewe. Linaitwa Uluru, liko katikati kabisa ya Australia, na wenyewe ni Waanangu, wenyeji wa asili wa pale. Hodi ndiyo iliyonisumbua siku zote sita.

Siku ya kwanza: Adelaide hadi Coober Pedy

Tulitoka Adelaide, mji wa kusini mwa Australia anakoishi dada yangu, saa kumi na moja alfajiri. Shemeji kwenye usukani, mimi pembeni yake, na mpwa wangu wa miaka tisa nyuma, kajiviringisha blanketi kama sambusa. Dada hakupata likizo. Anahudumia wazee, na Julai huku ni katikati ya baridi. Wenzake nusu wako kitandani na mafua. Alitufungia mahamri, mbaazi na chupa mbili za chai ya tangawizi. Shemeji alichungulia kikapu, akauliza, "Na ndagala?" Yeye ni Mbembe wa Fizi, Kongo, amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na safari isiyo na samaki wakavu haihesabu kuwa safari.

Hadi Port Augusta, kama kilomita 300, ni mashamba na miji midogo. Baada ya hapo dunia inafunguka na haifungwi tena. Nilijidai naijua nyika kwa kuwa nimepita Tsavo kwa basi tangu utotoni, lakini Tsavo ina vilima, ina tembo, ina Voi ya kuteremka ukanunua kitu. Huku unaendesha saa nzima na kitu kipya pekee ni mzoga wa kangaruu kando ya lami, na tai juu yake ambaye haondoki mpaka gari limkaribie kabisa. Kuna maziwa ya chumvi, meupe, makavu, ambayo kwa mbali mtoto aliapa ni theluji. Na kuna malori yanayovuta matrela matatu, yanayoruhusiwa kufika urefu wa mita 53. Likikupita, gari lako linayumba kama ngalawa iliyopishana na meli.

Coober Pedy tuliingia jua likizama, na hilo lilikuwa lengo, maana giza likishaingia kangaruu wanajitupa barabarani. Mji huu umejengwa juu ya opali, vito vilivyogunduliwa hapa mwaka 1915 na mvulana wa miaka 14. Joto la kiangazi ni kali kiasi kwamba watu walichimba nyumba chini ya ardhi, na hata kanisa. Tulilala katika chumba kilichochongwa ndani ya mwamba, hakina dirisha. Shemeji hakupenda. "Kulala ndani ya shimo, shemeji, kwetu njo kuzikwa." Akaacha taa ya bafuni ikiwaka mpaka asubuhi.

Siku ya pili: Coober Pedy hadi Yulara

Kilomita zaidi ya 700, na sina mengi ya kusema juu ya 600 za mwanzo. Udongo ulizidi kuwa mwekundu. Shemeji alisimamisha gari, akashuka, akachota kidogo kwa vidole. "Hii vumbi naijua. Nyarugusu ilikuwa inaingia mpaka kwenye ugali."

Erldunda ni kituo cha mafuta kwenye njia panda, hakuna kingine. Tukajaza tangi, mtoto akanunua aiskrimu nyuzi zikiwa kumi na nne, tukapinda kushoto. Ninaandika jina hilo kwa sababu litarudi.

Kutoka hapo ni kama kilomita 245 kwenda magharibi. Katikati ya njia mpwa wangu akapiga kelele: "Uluru! Uluru!" Na kweli, upande wa kushoto palikuwa na mlima mwekundu mkubwa, umekatwa juu ukawa bapa kama meza. Nikapiga picha kumi na saba. Shemeji, aliyewahi kuja huku na wenzake wa kanisani, aliningoja nimalize ndipo akasema ule ni Mount Conner, ambao Waanangu huuita Attila, na kwamba kila mgeni huingia mtego huohuo.

Jiwe lenyewe lilitokea baadaye, polepole, juu ya miti. Hakuna aliyepiga kelele.

Siku ya tatu: kulizunguka

Usiku ule, kambini Yulara, mji mdogo jirani na jiwe, maji kwenye chupa niliyoisahau nje ya hema yaliganda. Mimi ni mtu wa Pwani; kwetu kipupwe ni kujifunika shuka mbili. Saa kumi na mbili na nusu lango la hifadhi lilipofunguliwa nilikuwa nimevaa kila nguo niliyokuja nayo.

Hapo langoni ndipo nilipokumbuka hodi. Kwetu Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, huingii kama unavyoingia sokoni. Unasimama mwanzo wa njia. Mzee anatangulia, anasema kwa niaba yako wewe ni nani na umefuata nini. Huokoti kijiti, na ziko sehemu ambazo wewe hufiki, basi, na hakuna anayekueleza kwa nini. Hapa nilisimama dirishani, nikalipa dola 38 kwa kadi, mtoto akaingia bure, nikapewa tiketi ya siku tatu na ramani. Binti wa dirishani alikuwa mpole sana. Lakini hodi yangu ilibaki mdomoni.

Jua lilichomoza kama saa moja na nusu. Picha za Uluru mmeziona, kwa hiyo nitasema kimoja tu ambacho picha hazisemi: rangi haikai juu ya jiwe, inatoka ndani. Lilianza zambarau iliyofifia, likawa kama kaa la moto linalopulizwa, kisha likatulia kwenye rangi ya chungu kilichochomwa vizuri. Urefu wake kutoka chini ni mita 348. Jengo la Britam Tower la Nairobi lina mita 200, na bado lingehitaji ghorofa nyingi sana kuufikia mgongo wake.

Njia ya kulizunguka ni kilomita 10.6. Kipande cha kwanza, pamoja na wageni wengine kama ishirini, tulitembea na askari wa hifadhi. Alituonyesha mahali ambapo ngozi ya mwamba imebambuka ukaonekana mwili wake: kijivu. Wekundu wote ule ni kutu. Chuma kilichomo ndani ya mawe kimekutana na hewa na maji kikapata kutu kama mabati ya nyumba ya zamani. Jiwe lenyewe ni mchanga mgumu uliosombwa kutoka milimani zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ukafunikwa na bahari, ukashindiliwa, kisha nguvu za ardhi zikaupindua tabaka zikasimama wima. Mistari unayoiona ubavuni ni zile tabaka, mfano wa mkate wa mofa uliosimamishwa kwa ukingo.

Kisha akaeleza kwa njia ya pili, na hiyo ndiyo iliyomtoa mtoto kwenye simu yake. Watu wa Mala, waliokuwa watu na pia wanyama wadogo wa jamii ya kangaruu, walikuja kutoka kaskazini kufanya sherehe zao hapa. Wakasimamisha nguzo, na nguzo ikishasimama sherehe imeanza, haikatizwi. Wakaja wajumbe kutoka magharibi kuwaalika kwenye sherehe nyingine. Wamala wakakataa: sisi tumeshaanza. Wajumbe wakarudi na hasira, na huko kwao likaundwa dude lenye umbo la mbwa, Kurpany, likatumwa. Luunpa, ndege mdiria, aliwaonya. Hawakumsikiliza. Wengine waliuawa, waliobaki wakakimbilia kusini.

"Mnayosikia," askari akasema, "ndiyo wanayosimuliwa watoto wao. Zaidi ya hapo lazima uzaliwe humu na ukue." Mzungu mmoja nyuma yangu akaguna. Mimi nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu ndivyo babu alivyokuwa akinijibu kila nilipomuuliza habari za fingo, kinga iliyozikwa ndani ya kaya: kua kwanza. Nimefika miaka arobaini na mbili, babu ameshakufa, na sikuambiwa.

Wenyewe huyaita yote haya Tjukurpa. Wageni walizoea kulitafsiri neno hilo kama ndoto, na nadhani waliharibu. Tjukurpa ni uumbaji na sheria kwa pamoja: nani alipita wapi, nani amuoe nani, maji yako wapi, chakula kinagawanywa vipi. Ukisema ndoto, msikilizaji anadhani watu wameamka wakasahau nusu.

Tukafika mahali palipokuwa pakipandwa. Kuna alama ubavuni mwa mwamba, mstari mweupe ulioparuzwa na viatu vya miaka mingi, unapanda mpaka unapotelea juu. Ile njia ni ya wanaume wa Mala, na Waanangu waliwaomba wageni kwa miaka wasiipite. Wengi walipita. Mwaka 1964 iliwekwa minyororo ya kushikilia. Watu zaidi ya 35 wamekufa wakipanda. Bodi ya hifadhi, yenye Waanangu 8 kati ya wajumbe 12, ikapiga kura mwaka 2017, na tarehe 26 Oktoba 2019 njia ikafungwa kabisa. Niliwahi kuona picha za siku za mwisho: foleni ya watu kama sisimizi kwenye ukuta wa sukari, wakiwahi kufanya walichoombwa wasifanye. Minyororo imeondolewa. Mstari bado upo.

Nusu ya nyuma ya jiwe tuliitembea wenyewe, na kuna vipande virefu ambavyo vibao vinakuomba usipige picha. Kibao kimoja kinasema maumbo ya mwamba hapo ni sawa na maandiko matakatifu, na yanafaa kuonwa mahali pake tu. Nikaizima simu nikaitia mfukoni. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, kuna nini pale?"

"Sijui."

"Basi kwa nini tusipige picha tukaangalie nyumbani?"

"Kwa sababu ni pao."

Aliliangalia jiwe kwa muda. Sisemi alichokiona wala nilichokiona, na si kwa kuringa.

Mwisho wa mzunguko ni Mutitjulu, bwawa la maji chini ya mwamba, penye miti na baridi ya kivulini. Hapa kuna habari ya Kuniya, chatu wa kike. Alitoka mashariki ya mbali, karibu na Erldunda, amevaa mayai yake shingoni kama mkufu. Erldunda! Mtoto alinigeukia macho yamemtoka: pale aliponunua aiskrimu. Kuniya alikuja na mpwa wake, na mpwa huyo akauawa kwa mikuki na Waliru, nyoka wenye sumu. Matundu ya mikuki yapo kwenye mwamba. Shangazi mtu akamfuata mmoja wa wauaji hapa, akiwa na hasira na msiba kwa pamoja, akampiga kwa mti wake wa kuchimbia. Pigo la kwanza, akampa jeraha. La pili, akamuua. Mapigo yote mawili yanaonekana, nyufa mbili ndefu ukutani, na mahali ngao ilipoanguka. Kuniya na mpwa wake wakageuka Wanampi, nyoka wa maji anayelinda bwawa hili.

Kutoka hapo mpaka garini mpwa wangu alitembea ameshika mkono wangu, jambo ambalo tangu Port Augusta alikuwa amejiona mkubwa mno kulifanya.

Jioni, tukiota moto kambini, nikamsomea shemeji niliyokuwa nimeandika juu ya hati. Mwaka 1873 mpimaji William Gosse alifika hapa akapanda juu na mchunga ngamia Mwafghani, akaliita jiwe Ayers Rock kwa heshima ya mwanasiasa wa Adelaide. Zaidi ya karne baadaye, tarehe 26 Oktoba 1985, Gavana Mkuu aliwakabidhi Waanangu hati ya ardhi yao, na dakika chache baadaye wao wakatia sahihi kuikodisha kwa serikali kwa miaka 99, iwe hifadhi ya taifa.

"Siku ileile?" shemeji akauliza.

"Papo hapo. Ndilo lilikuwa sharti."

Akakoroga moto. "Mimi sikupewa hata hiyo ya dakika."

Sikuwa na jibu. Sisi wa Kilifi tunajua habari za hati. Kuna vijiji vizima vinaitwa maskwota kwenye ardhi waliyozikwa babu zao, na hati iko kwenye droo ya mtu asiyewahi kukanyaga pale. Mwanzoni niliona zile dakika za 1985 kama kiini macho. Lakini njia ya kupandia isingefungwa bila ile hati. Mwenye nyumba aliyepangisha bado anaweza kumwambia mpangaji asikanyage kitanda chake. Shemeji hakukubaliana nami, tukaliacha hapo kwa sababu kuni ziliisha.

Siku ya nne: Kata Tjuta, na mama wa mijusi

Asubuhi tulikwenda Kata Tjuta, kama kilomita 50 kwa barabara. Maana yake ni vichwa vingi: kuba 36 za mwamba, kubwa kuliko zote ina mita 546, ndefu kuliko Uluru kwa karibu mita 200. Jiwe lake ni jingine, kokoto na mawe makubwa yameshikana kama zege iliyochanganywa na fundi mvivu. Habari za mahali hapa ni za wanaume wa Kianangu peke yao na hazisimuliwi wageni hata kidogo, si hata zile za watoto. Tukatembea Bonde la Upepo, upepo ukafanya kazi yake. Nilipapenda kuliko Uluru na siwezi kueleza kwa nini.

Mchana tukarudi kwenye Kituo cha Utamaduni, nyumba ya matofali ya udongo iliyojengwa mwaka 1995 kwa umbo la nyoka wawili, Kuniya na Liru. Humo kuna daftari na barua za watu waliowahi kuokota mawe hapa wakaondoka nayo, kisha wakayarudisha kwa posta kutoka pembe zote za dunia, wakiomba radhi. Wengi wanasema mikosi iliwaandama. Nilizisoma nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Mwaka 2007 vigango viwili vya Kigiriama, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilivyoibwa Kilifi miaka ya 1980, vilirudishwa kutoka makumbusho ya Marekani. Vingi havijarudi, viko sebuleni mwa watu, chini ya taa nzuri. Nani atawaandikia barua wenye sebule hizo wajue kwamba posta ipo?

Nje, chini ya mti, akina mama wanne walikuwa wameketi mchangani na kazi zao: picha za vitone, mabakuli ya mti, na mijusi ya mbao iliyochorwa kwa waya uliopashwa moto. Mpwa wangu alichuchumaa mbele ya mama mmoja mtu mzima sana mwenye kofia ya sufu. Akaokota mjusi, akaurudisha, akaokota mwingine. Mama yule akanitazama mimi, akamtazama mtoto.

"Wako?" aliuliza kwa Kiingereza cha maneno machache.

"Mtoto wa dada yangu."

Uso ukabadilika, kama mtu aliyesikia neno la kwao. Akaninyooshea kidole, akamwambia mtoto pole na kwa kusisitiza: "Kamuru." Akalirudia mpaka mtoto akalitamka sawasawa. Mwenzake aliyekuwa anajua Kiingereza zaidi akatueleza: ndugu wa kiume wa mama. Mjomba! Lugha ambayo ina neno la pekee kwa kaka wa mama, isiyomchanganya na kaka wa baba. Katika siku zangu zote Adelaide nilikuwa nimeitwa "ankoli" na kila mtoto wa jirani, na jina hilo halinibani wala halinidai.

Nikauliza bei ya mjusi, nikalipa. Yule mama akasema, "Palya," neno lao la salamu, la kukubali, la kusema mambo sawa. Nikajibu, "Palya." Shemeji akasema nilikuwa nimeinama kama niko mbele ya mama mkwe.

Siku ya tano na ya sita: kurudi

Njia ileile, kangaruu walewale. Erldunda tulisimama tena kwa mafuta na mtoto hakutaka aiskrimu. Alikuwa anatazama mashariki, nyikani. "Alibeba mayai yote kutoka hapa, kwa miguu?" Nikamwambia chatu hana miguu. Akasema ndiyo maana ni ajabu zaidi.

Coober Pedy shemeji alikataa shimo. Tukalala kwenye chumba cha juu ya ardhi, tukaganda kwa baridi, na akalala vizuri.

Tulifika Adelaide saa tatu usiku. Gari lilikuwa jekundu mpaka ndani ya masikio ya viti. Dada ametuwekea ndagala. Kabla sijavua viatu mama akapiga simu, na swali lake la kwanza halikuwa afya yangu.

"Ulipiga hodi?"

Nikaanza kumweleza habari za dirisha, kadi, dola 38. Mpwa wangu akaninyang'anya simu.

"Bibi, walimwita kamuru!"

"Ndiyo nani huyo?"

"Mjomba."

Kimya cha Kaloleni, jogoo mmoja akiwika vibaya kwa mbali. "Haya," mama akasema. "Mpe simu baba yako nimsalimie."